SOMO LA WIKI: KIFUNGU CHA USULUHISHI KATIKA MKATABA WA SIMU

Dola za Marekani 30.22 si fedha za kumfikisha mtu mahakamani. Nauli na malipo ya wakili vingezimaliza kabla kesi haijatajwa. Hata hivyo, ugomvi juu ya kiasi hicho ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na uamuzi uliotolewa tarehe 27 Aprili 2011 uliimarisha kifungu ambacho wateja wengi hukipita bila kukisoma.

Kifungu hicho ni cha usuluhishi. Maana yake ni kwamba mteja na kampuni wakigombana, shauri halipelekwi kwa hakimu bali kwa msuluhishi binafsi, na uamuzi wake huwabana wote wawili. Mara nyingi huambatana na sharti la pili: kila mteja alalamike peke yake, bila kuungana na wenzake katika kesi ya pamoja. Sharti hili la pili ndilo lenye fedha ndani yake.

Simu ya bure iliyotozwa kodi

Mwaka 2002, mume na mke wakazi wa California walijiunga na huduma ya kampuni ambayo baadaye iliitwa AT&T Mobility. Tangazo lilisema simu zenyewe ni za bure. Walipojiunga, wakatozwa Dola 30.22 za kodi ya mauzo, iliyopigwa kwa bei kamili ya simu hizo. Mwaka 2006 walifungua kesi, ikaunganishwa na ya wateja wengine waliodai kwamba tangazo lile lilikuwa la udanganyifu.

Kampuni ilijibu kwa kuonyesha mkataba: hakuna mahakama, hakuna kesi ya pamoja. Mahakama za chini zilikataa hoja hiyo. Zilifuata msimamo wa Mahakama ya Juu ya jimbo la California wa mwaka 2005, kwamba pale kampuni inapodaiwa kuwapunja watu wengi kiasi kidogo kidogo kwa makusudi, sharti la kuwazuia wasiungane ni la uonevu.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1925, ambayo ni ya nchi nzima, inalazimisha makubaliano ya usuluhishi yaheshimiwe, na kwamba jimbo haliwezi kuweka kanuni inayoivuruga. Alieleza kuwa usuluhishi wa kundi zima hupoteza faida yake ya wepesi na gharama nafuu. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika kwa niaba ya wanne waliopinga, aliuliza ni wakili gani mwenye akili timamu atakayeshika kesi ya Dola 30.22.

Anayelalamika na anayenyamaza

Haki itendeke kwa kampuni pia. Mkataba wake haukuwa mbaya kwa anayelalamika. Kampuni ilikubali kulipa gharama za usuluhishi kwa madai yasiyo ya upuuzi. Shauri lingesikilizwa katika eneo analoishi mteja, na mteja aliruhusiwa kwenda mahakama ya madai madogo akitaka. Aidha, kama msuluhishi angempa mteja zaidi ya kiasi cha mwisho ambacho kampuni ilijitolea kumlipa kwa maandishi, basi angepata si chini ya Dola 7,500.

Kwa masharti hayo, kampuni yenye busara humrudishia mlalamikaji Dola zake 30 mapema, na mambo yanakwisha. Lakini ni wangapi hulalamika kwa Dola 30? Chukua mfano wa hesabu tu. Wateja 100,000 wakitozwa kiasi kile, jumla ni Dola 3,022,000. Wakilalamika 100 na kurudishiwa fedha zao, kampuni imetoa Dola 3,022 na kubaki na milioni tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba si cha mteja. Kesi ya pamoja huwahesabu hata walionyamaza. Usuluhishi wa mmoja mmoja huwaacha nje.

Kanada na laini ya biashara

Mfanyabiashara anapaswa kuitazama zaidi kesi nyingine, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kanada tarehe 4 Aprili 2019. Wateja wa kampuni ya TELUS katika jimbo la Ontario walidai kwamba maongezi yao yalikuwa yakihesabiwa kwa kupandishwa hadi dakika kamili bila wao kuelezwa. Maongezi ya dakika moja na sekunde moja yakawa dakika mbili. Kundi la wadai lilikuwa la watu wapatao milioni mbili, na karibu asilimia 30 walikuwa wateja wa biashara.

Sheria ya Ontario ya kumlinda mlaji, ya mwaka 2002, inasema kifungu cha usuluhishi hakiwezi kumzuia mlaji kwenda mahakamani. Kwa hiyo walaji wa kawaida waliendelea na kesi yao. Lakini sheria hiyo haimhesabu anayenunua kwa ajili ya biashara kuwa mlaji. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama iliamua kwamba wateja wa biashara wamefungwa na mkataba wao. Waliotoka kwenye kesi ya pamoja ndio ambao kwa kawaida hupiga simu nyingi zaidi.

Hasara yake hupimika. Mwenye duka anayepiga simu 40 kwa siku, na kila simu ikamlia wastani wa nusu dakika ya ziada, hupoteza dakika 20. Kwa siku 26 za kazi, ni dakika 520 kwa mwezi. Akienda peke yake kwa msuluhishi, huenda siku ya kazi aliyoiacha ikamgharimu zaidi ya anachodai.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Kenya ya mwaka 2012 inamruhusu mlaji kujiunga na kesi ya pamoja hata kama mkataba unasema vinginevyo. Swali la kwanza kwa mfanyabiashara wa nchi yoyote, basi, ni hili: katika mkataba huu, sheria inanihesabu kuwa nani?

Kwa mwenye hisa

Mwekezaji anaweza kuona kifungu hiki kuwa ngao ya faida yake, kwa kuwa hupunguza hatari ya kesi kubwa. Ni kweli, ila ngao hiyo ina matundu mawili.

Kwanza, mkataba kati ya kampuni na mteja hauifungi serikali. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki AT&T Mobility kwa kupunguza kasi ya intaneti ya wateja waliouziwa huduma “isiyo na kikomo”. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa Dola milioni 60.

Pili, wanaolazimishwa kwenda mmoja mmoja wanaweza kwenda wote kwa siku moja. Februari 2020, hakimu wa California aliiamuru kampuni ya usambazaji vyakula ya DoorDash ifanye usuluhishi na wasambazaji 5,010, kila mmoja na shauri lake. Ada iliyotakiwa kwa kampuni ilikuwa kama Dola 1,900 kwa kila shauri. Hiyo ni zaidi ya Dola milioni 9 kabla ya shauri hata moja kusikilizwa. Anayenunua hisa asidhani kwamba fedha zilizokusanywa kwa njia ya mkato ni faida ya kudumu.

Ya kuangalia kabla ya kusaini

1. Tafuta neno “usuluhishi” na maneno yanayokataza kuungana na wateja wengine.

2. Angalia nani anamlipa msuluhishi, na shauri litasikilizwa mji gani.

3. Angalia kama mahakama ya madai madogo imeachwa wazi.

4. Uliza kama kifungu kinaweza kukataliwa. Baadhi ya mikataba ya Marekani humpa mteja siku 30 za kukikataa kwa maandishi bila kupoteza huduma.

5. Amua laini iandikishwe kwa jina lako au la biashara, ukijua kila jina linabeba haki gani.

6. Uliza maongezi yanahesabiwa kwa sekunde au kwa dakika.

7. Tunza ankara, na ukipunjwa lalamika kwa maandishi mapema, hata kwa kiasi kidogo. Mikataba ya namna hii humlipa anayesema. Anayenyamaza hukipa kibaba cha mwenzake.