Donge la damu kwenye mapafu: Kwa nini mgonjwa 'mzima' haruhusiwi?

Mgonjwa amelazwa baada ya kubanwa pumzi ghafla. Vipimo vimeonyesha donge la damu limeziba mshipa wa mapafu. Siku ya pili anakula na kuzungumza, na jamaa waliokuja kumzuru wanaanza kunong'ona: "Mbona mzima huyu? Tumuombee ruhusa." Hapo ndipo watu wanapokosea.

Donge hili kwa kawaida huanzia kwenye mishipa ya mguu, hasa kwa aliyelala sana baada ya upasuaji, mama aliyejifungua, mwenye saratani, au aliyekaa safari ndefu bila kunyoosha miguu (waliokwenda Hijja kwa ndege wanaelewa). Likikatika hupita kwenye moyo na kuziba mapafu. Upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu kuliko ulivyozoea, na ukichoka, presha hushuka. Kwa hiyo daktari haangalii ukubwa wa donge tu, anaangalia moyo unavyohimili.

Kipo kipimo cha maswali kilichotolewa mwaka 2005 na kurahisishwa mwaka 2010, yakabaki maswali sita. Je, mgonjwa amezidi miaka 80? Ana saratani, au aliwahi kuwa nayo? Ana ugonjwa sugu wa moyo au mapafu? Mapigo ya moyo yamefika 110 kwa dakika? Namba ya juu ya presha ipo chini ya 100? Oksijeni ipo chini ya asilimia 90? Katika utafiti wa 2010, waliojibu hapana kwa yote walifariki takriban mmoja katika 100 ndani ya siku 30. Penye ndiyo hata moja, takriban 11 katika 100.

Matatu ya mwisho yanapimwa. Matatu ya mwanzo majibu yake mnayo nyinyi wa nyumbani. Wapo wanaoficha saratani ya mama yao kwa kuona ni siri ya familia, kumbe siri hiyo inamfanya ahesabiwe miongoni mwa walio salama. Mwambieni daktari.

Presha ikishuka chini ya 90 na isipande, hiyo ni dharura, na huenda akahitaji dawa ya kuyeyusha donge.

Akiruhusiwa, dawa za kuzuia damu kuganda hutumiwa angalau miezi mitatu. Asiziache kwa sababu ya Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na kama daktari ataona anaweza kufunga, ndiye wa kupanga saa za dawa. Akizimia, akitema damu au akibanwa tena pumzi, mrudisheni hospitali usiku huohuo, msingoje kupambazuke.