Usimruhusu Fundi Achomelee Kabla Injini Haijakaa

Mdogo wangu wa Iringa, barua yako nimeisoma kwa makini. Unasema Land Rover 110 ya marehemu baba imekufa injini, umepata Isuzu 4JB1 nzima, na fundi amekwambia kuchomelea maunti ni kazi ya siku moja. Unaniuliza umpe hela aanze au usubiri. Hela ya vifaa mpe. Hiyo ahadi ya siku moja ndiyo uikatae. Na kwa kuwa wengi mnaniandikia habari za kubadilisha injini, wa Hilux, wa Land Cruiser, wa Suzuki, sogeeni wote tuongee.

Kwanza nikutoe wasiwasi: Land Rover na Isuzu si ndoa ya ajabu. Jeshi la Australia limetumia kwa miaka mingi Land Rover zinazoitwa Perentie, ambazo zilitoka kiwandani zikiwa na Isuzu 4BD1 ya lita 3.9. Yako ni ya lita 2.8 tu, chesisi inaimudu. Kinachonitia hofu mimi ni maunti zenyewe, vile vipande viwili vya chuma vinavyoishika injini kwenye chesisi, vyenye ukubwa wa kiganja, ambavyo fundi wako anataka kuvimaliza kabla jua halijazama.

Watu wengi wanadhani maunti kazi yake ni kubeba uzito. Uzito ndiyo sehemu rahisi. Wewe unapandisha mlima Kitonga ukiwa na mzigo, gia ya pili, umekanyaga aksileta. Injini inasukuma magurudumu, na ile nguvu inairudia yenyewe, inataka kulala upande. Maunti ya upande mmoja inakandamizwa, ya upande wa pili inavutwa juu. Ukiachia aksileta, mambo yanageuka. Hivyo hivyo kila unapobadilisha gia, kila shimo la barabara, miaka nenda rudi. Chuma hakikatiki kwa sababu ya mvuto mmoja mkubwa. Kinachoka kidogo kidogo, kinaanza na ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa sehemu iliyochomelewa.

Upande ule unaovutwa ndio wa hatari. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kuita magari yake yapatayo milioni 6.7, Chevrolet na malori madogo ya miaka ya 1965 hadi 1969, kwa sababu mpira wa maunti ulikuwa ukiachana na chuma chake, injini inanyanyuka, inavuta aksileta, gari linaongeza mwendo lenyewe. Tiba waliyofunga ilikuwa waya wa kuizuia injini isiinuke. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi wako ni hili: mpira huu ukikatika leo, nini kinaishika injini? Akikuonyesha bolti inayopita katikati ya mpira ikiwa na washa pana ya chuma juu na chini, huyo ni fundi mzuri. Akikujibu kwamba mpira haukatiki, chukua gari lako uondoke, tena bila ugomvi.

Sasa tuje kwenye kukaa kwa injini, maana hapa ndipo gari linapoharibika na lawama inakwenda kwa mtu mwingine. Ukibakiza giaboksi ya Land Rover na kutumia adapta, basi mahali pa injini pameshaamuliwa. Inafungwa kwenye giaboksi, giaboksi iko kwenye maunti zake za zamani, na maunti mpya zinaifuata injini pale ilipo. Fundi anayechomelea braketi kwanza halafu analazimisha injini iingie kwa nondo na jeki anakutengenezea mtetemo usiokwisha. Utabadilisha beringi, utabadilisha jointi za propela, utalaumu matairi.

Wakati wa kupima, gari lisimame kwa magurudumu yake, mahali tambarare, si juu ya mawe wala jeki chini ya chesisi. Springi zikining'inia, vipimo vyote vya propela vinakuwa vya uongo. Weka pimamaji, hata ile ya kwenye simu inatosha, kwenye flanji ya giaboksi, halafu kwenye flanji ya difu ya nyuma. Flanji hizo mbili zinatakiwa ziwe sambamba. Zikipishana zaidi ya digrii moja, rekebisha kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Halafu lala chini uangalie sampu ya oili na ekseli ya mbele. Ekseli inapanda gari likiingia shimoni, na isipobaki nafasi ya kutosha itagonga sampu siku ya safari, porini. Feni iachane na rejeta kama inchi moja. Usukani uzungushe mwanzo hadi mwisho. Ingiza mkono wako mwenyewe ujaribu kufungua chujio la oili na bolti za stata. Kisichofikika leo ndicho kitakachokusumbua kila mwezi.

Yote haya yanafanyika braketi zikiwa zimeshikizwa tu kwa nukta chache za moto, kama fundi cherehani anavyopiga bandi kabla ya kushona. Nukta hizo zipigwe injini ikiwa imelala kwa uzito wake juu ya mipira. Ukiona kosa, grenda inazifuta kwa dakika. Mkiridhika, injini itoke, mipira itoke, ndipo kazi kamili ianze. Ukichomelea mipira ikiwa pale, joto linaipika kwa ndani; nje itaonekana nzima.

Na chesisi yenyewe je? Chukua nyundo ndogo uigonge pale braketi itakapokaa. Chuma kizima kinalia wazi, kilichooza kinatoa sauti ya bubu, na kutu inamwagika kama unga. Wenye magari yaliyoishi Tanga, Mombasa na Unguja, msiruke hatua hii, chumvi ya bahari inaila chesisi kwa ndani wakati rangi ya nje inang'aa. Pakiwa pameoza, panakatwa hadi kwenye chuma safi. Hakuna rodi inayoshika kutu.

Chuma cha chesisi ya Land Rover ni chembamba, karibu milimita 2, na braketi huwa ya milimita 5 au 6. Ukibandika kinene juu ya chembamba moja kwa moja, nguvu zote zinakusanyika kwenye mstari mmoja na chesisi inachanika kando ya mstari huo. Kwa hiyo lichomelewe kwanza bamba la kuongezea, la milimita 3 hivi, pana kuliko braketi, pembe zake zikiwa zimeviringwa. Likae ubavuni mwa chesisi. Kingo za juu na za chini ziachwe kadiri inavyowezekana, kwa sababu chesisi ikipinda, huko ndiko chuma kinakovutwa na kukandamizwa zaidi. Fundi apige kipande kifupi upande huu, ahamie upande wa pili, aache papoe penyewe. Akimwaga maji ili pawahi kupoa, mzuie. Rodi ya kawaida ya 6013 inafanya kazi hii vizuri mikononi mwa mtu anayejua. 7018 ina nguvu zaidi, lakini ikipata unyevu inaleta nyufa, na rodi nyingi za madukani zimekaa wazi msimu mzima wa mvua.

Wenye malori makubwa, msichukue maneno haya mkayapeleka kwenu. Chesisi nyingi za malori zimepikwa kiwandani kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea unazilegeza. Zenu zinafungwa kwa bolti.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, toa waya za betri na za alteneta. 4JB1 yako haina kompyuta, pampu yake ni ya kimakanika, lakini alteneta inaungua vilevile. Paipu za breki na za mafuta zinapita kwenye chesisi, zisogezwe au zifunguliwe kabisa. Halafu tazama klempu ya athi inafungwa wapi. Mafundi wengi wanaiachia popote penye chuma, hata kwenye puli ya feni, na umeme ukipita kwenye beringi unazitoboa vijishimo. Ifungwe hapo hapo karibu, kwenye chuma kilichopigwa msasa. Mtu mmoja asimame na ndoo ya mchanga. Na wewe usichungulie ule mwanga bila kioo cha kuchomelea, miwani ya jua si kinga. Macho hayaumi saa ile, yanakuja kuuma usiku ukiwa umelala, kama yametiwa mchanga.

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo hifadhi risiti ya injini mpya na uende TRA kubadilisha. Wasomaji wangu wa Kenya, kwenu ni NTSA. Bima nayo iarifiwe, maana ajali ikitokea na namba hazilingani, utalia peke yako.

Gari likishatembea wiki ya kwanza, rudia kukaza bolti zote, halafu osha sehemu za maunti uzimulike kwa tochi. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi mpya ni ufa. Usikubali aongeze moto juu yake. Ufa usagwe wote kwa grenda, na kabla ya kuchomelea tena mtafute kwa nini umepasuka, mara nyingi utakuta giaboksi na injini zinavutana. Niandikie adapta uliyopata ni ya giaboksi ipi, LT77 au R380, nikujibu na lile swali la klachi uliloliuliza kwenye barua yako.