Mbwa Aliyeumia Mlangoni: Najisi ni Jambo Moja, na Huruma ni Jambo Jingine

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: somo letu la leo latokana na jambo tuliloliona kwa macho yetu huko Kakamega. Si haki kulificha, kwani ndani yake mna kosa letu sisi kabla ya kosa la mtu mwingine yeyote.

Tulikwenda Kakamega kusomesha kwa muda wa miezi miwili. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu huenda wakadhani kuwa huko bara Uislamu ni mgeni. Sivyo. Katika nchi hiyo hiyo mna mji wa Mumias, ambako misafara ya wafanya biashara wa pwani ilikuwa ikitua katika karne ya kumi na tisa, na Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu. Basi tulifikia katika nyumba ya mtu ambaye asili yake ni pwani, naye akiishi na baba yake mzee na wanawe.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, na mawingu yamekwisha tanda kama ilivyo ada ya mji ule, mjukuu wa mzee yule, kijana wa miaka kumi na miwili, aliingia uani pamoja na mwenziwe. Walikuwa wamebeba gunia, na juu ya gunia amelala mbwa. Pikipiki ilikuwa imemgonga katika njia ya Kisumu. Mguu wa nyuma umevunjika, na paja limechanika. Alikuwa ni mbwa wa jirani, bibi mkongwe auzaye mboga, aishiye peke yake na hana mlinzi wa usiku ila mbwa huyo.

Mzee akapiga kelele: "Mtoe! Watutilia najisi nyumbani, na Sheikh yumo ndani!"

Kijana akajibu kwa adabu: "Babu, hajafa. Na bibi mwenyewe hajarudi sokoni, na mvua hiyo yaja."

Watu wote wakatugeukia sisi. Nasi tulifanya nini? Tulikusanya pindo la kanzu yetu, tukasema maneno mawili tu, "Najisi mughalladha," kisha tukaingia ndani. Mbwa akatolewa, akawekwa kando ya mtaro, na mvua ikanyesha.

Baada ya isha tulifungua kitabu ili kutayarisha darasa la asubuhi, na mlango uliokuwa zamu yake ulikuwa ni mlango wa tayamamu. Humo wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wanaeleza ni nani aruhusiwaye kuacha kutawadha kwa maji akatayamamu kwa mchanga. Miongoni mwao ni mtu mwenye maji machache, na mbele yake pana mnyama mwenye kiu ambaye uhai wake una heshima katika sheria. Mtu huyo maji humpa mnyama, na yeye husali kwa tayamamu. Na mbwa asiyeuma watu, mwenye manufaa kama ulinzi, yumo katika hukumu hiyo.

Tulikuwa tumekwisha isomesha mas'ala hiyo si chini ya mara ishirini, lakini usiku ule tuliisoma huku tukimsikia mbwa akilia nje. Tukafunga kitabu, tukatwaa kurunzi, tukatoka. Tulimkuta kijana amechuchumaa kando ya mtaro, amemfunika mbwa kwa mwavuli uliovunjika, na yeye mwenyewe amerowa. Tukamwambia: "Mwanangu, umetutangulia." Tukamchukua mbwa pamoja, tukamweka katika kibanda cha kuni kilichoko nyuma ya nyumba.

Sasa, ndugu msomaji, na tuyapambanue mambo yaliyochanganyika.

Jambo la kwanza ni najisi. Katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, na kitu kilichoguswa naye kwa umajimaji huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hayo hatuyakanushi. Imamu Malik ameona kuwa mbwa aliye hai ni tohara, na Mahanafi wakaona kuwa kilicho najisi ni mate yake, si manyoya yake; lakini sisi hatuna haja ya kukimbilia madhehebu nyingine ili tupate njia ya kuwa na huruma. Hukumu ya najisi ni hukumu ya kuosha. Yatueleza namna ya kujitoharisha baada ya kugusa, wala haisemi kwamba aliyeumia aachwe afe. Damu ya mwanadamu nayo ni najisi, na hatujamsikia mtu akimwacha nduguye atokwe na damu kwa kuogopa kuiharibu kanzu yake. Tena kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi, na watu wengi wanaokimbia njiani wamwonapo mbwa mkavu wanakimbia jambo ambalo sheria haikulitaja.

Jambo la pili ni kufuga. Imesihi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kufuga mbwa pasipo haja, na akavua mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba; na wengi katika wanavyuoni wetu wamemkisi juu ya hao mbwa wa kulinda nyumba. Imesihi pia kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Lakini kumtibu aliyeumia mpaka apone, kisha akarudi kwa mwenyewe, si kumfuga kwa mapenzi ya kufuga. Na mahali pake si chumbani wala sebuleni, bali kibandani, zizini au ukumbi wa nje. Katika Sura ya al-Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, naye yuko kizingitini. Hakufukuzwa, wala hakulazwa kati yao.

Jambo la tatu ni thawabu. Nani asiyeijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu? Akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamghufiria. Masahaba walipouliza kama wana ujira kwa wanyama, Mtume akawajulisha kuwa katika kila chenye uhai mna ujira. Imepokewa pia habari ya mwanamke kahaba wa Bani Israili aliyesamehewa kwa tendo kama hilo, na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa. Hadithi hizi zimo katika Bukhari na Muslim, na watoto wetu wazihifadhi vyuoni. Tena Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, alipohesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu alitaja kumlisha na kumwangalia hata akizeeka au akiugua asiweze kufaa tena. Twataka nini zaidi?

Basi lililotuzuia jioni ile halikuwa dini. Lilikuwa ni kinyaa, nasi tukakivika kinyaa chetu kilemba cha dini. Na hili ni kosa la hatari, kwa maana bibi yule wa mboga si Mwislamu. Aliporudi akaambiwa mbwa wake alitolewa mvuani, hakugombana. Aliuliza tu: "Kwani dini yenu haina huruma kwa mnyama?" Swali hilo lilikuwa zito kwetu kuliko matusi. Tulimjibu kuwa dini yetu inayo, ila sisi ndio tulioisahau.

Ama namna ya kumuuguza mbwa aliyeumia nyumbani, tutaeleza tuliyojifunza kwa daktari wa mifugo aliyeitwa asubuhi yake, maana huruma bila elimu huweza kudhuru.

Kwanza, mbwa mwenye maumivu humuuma hata bwana wake. Kabla ya kumgusa, afungwe mdomo kwa kitambaa laini, ila akiwa anatapika au anapumua kwa shida asifungwe. Kisha abebwe juu ya ubao au gunia lililonyooshwa, wala asivutwe mguu.

Pili, damu ikitoka kwa wingi, kidonda kigandamizwe kwa kitambaa safi bila kufunua kila mara. Ikisimama, manyoya yaliyozunguka kidonda yapunguzwe, na kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa nusu lita. Kisipakwe majivu wala mafuta ya gari. Kifunikwe nzi wasije wakatia mabuu.

Tatu, mfupa uliovunjika ni kazi ya daktari. Mbwa wetu alivunjika muundi, akafungwa banzi, na paja likashonwa. Mfupa wa mbwa mzima huchukua wiki sita na zaidi kuunga, na muda huo asiachwe kukimbia wala kuruka.

Nne, dawa za maumivu za wanadamu asipewe. Ibuprofeni na parasetamoli, tunazomeza sisi bila kufikiri, huweza kumuua mbwa. Apewe aliyoandika daktari, kwa kipimo alichoandika. Maji safi yawe mbele yake daima. Chakula chake kilikuwa ugali na omena, kidogo kidogo, bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwake, na bila mifupa iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vikali vikamchoma tumbo.

Tano, tohara ya wahudumu. Tulitenga kanzu moja kuukuu, ndoo moja na glavu kwa kazi hiyo tu. Anayemaliza huosha mikono kwa sabuni, kisha huosha palipoingia umajimaji mara saba, moja kwa udongo, akavaa nguo zake na kwenda msikitini. Kazi hiyo yote haikuchukua robo saa, wala hakuna sala hata moja iliyotupita.

Sita, nalo ni kubwa kuliko yote: kichaa cha mbwa. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, je, amechanjwa? Bibi akatoa kadi ya chanjo, na hapo ndipo nyoyo zetu zilipotulia, kwani kijana alimbeba bila kujua, na hilo asiliige mtu. Mbwa anayetokwa na udenda, asiyeweza kumeza, anayeyumba au anayeshambulia bila sababu, asikaribiwe. Aitwe mtu wa idara ya mifugo. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa maradhi haya huua watu kama 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na karibu wote wameyapata kwa mbwa. Nchini Kenya yalithibitishwa kwa mbwa mwaka 1912, na mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuyakomesha kwa binadamu ifikapo 2030. Nguzo yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo aende hospitali kudungwa chanjo. Asingoje, kwa sababu dalili zikisha kudhihiri, ni nadra mno mtu kupona.

Na hapa twataka kuonya. Wako wasemao kuwa kuosha mara saba kwa udongo ni dawa ya kichaa cha mbwa. Kuosha huko ni ibada, nasi twaifuata kwa kuwa tumeamrishwa. Mwenye kuumwa akatosheka na udongo akaacha sindano, amejitia katika maangamizo kwa mikono yake.

Wajue pia wasomaji wetu kuwa kumtesa mnyama, au kumsababishia mateso kwa kumtupa bila sababu, ni kosa katika nchi hii kwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Lakini Mwislamu hapaswi kungoja askari amfundishe aliyofundishwa na Mtume wake.

Mbwa alikaa kibandani wiki saba. Mzee hakusema neno kwa siku tatu za kwanza. Siku ya nne tulimwona asubuhi amesimama mbali na kibanda, ameinua kanzu, anamwuliza mjukuu wake: "Amekula?" Baada ya hapo akawa anauliza kila siku, na mvua ikianza yeye ndiye wa kwanza kukumbusha mlango ufungwe. Banzi lilipofunguliwa, mbwa alivuka njia akachechemea mpaka kwa mwenyewe. Jioni yake bibi akaleta mkungu wa ndizi. Mzee akaupokea kwa mikono miwili, akamwita kijana mbele ya watu na kumwambia: "Mjukuu wangu, siku ile mimi nilikosea."

Nasi twasema mfano wa hayo. Enyi waalimu wa vyuo, mwasomeshapo mlango wa najisi, msiwaache watoto hapo. Wasomesheni siku hiyo hiyo hadithi ya mtu wa kisimani, ili wajue kuosha na wajue kurehemu. Na enyi wazee wenzetu, mtoto akileta mlangoni kiumbe kinachoumia, msianze kwa kumkemea. Muulizeni kwanza kinaumwa wapi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, na kwake yeye ndiko kuwafikishwa.