Mto Kwanza, Samaki Baadaye

Mdogo wetu mmoja wa Lumemo, pale Ifakara, amewaona kwenye simu wale lochi wa vijito vya milimani, samaki bapa wa Asia wanaong'ang'ania mawe hata maji yakija kwa fujo. Kawapenda. Tangi la kioo analo, nafasi sebuleni anayo, anachouliza ni anunue wangapi.

Mdogo wangu, kwa sasa usinunue hata mmoja. Tutengeneze mto kwanza.

Samaki hawa, tuseme Sewellia lineolata wa Vietnam, ukimwona akiwa amejibandika kwenye kioo utamfaidi kwa upande wa tumbo: mapezi yametanda pande zote yakamzunguka, mdomo uko chini, unakwangua ukungu wa kijani taratibu bila kupumzika. Maji yakimpiga, ndiyo kwanza yanamkandamiza jiweni. Ameumbiwa maji yanayokimbia, na maji yanayorukaruka juu ya mawe hujaa oksijeni. Hapo ndipo joto letu linapoharibu mambo. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita. Yakifika nyuzi 30, uwezo huo unashuka hadi 7 na nusu hivi, na wakati huohuo mwili wa samaki unadai oksijeni zaidi. Lochi hawa wanapenda nyuzi 20 hadi 24. Sasa niambie, mwezi wa Desemba, saa nane mchana, chini ya bati, maji ya sebuleni kwako yatakuwa nyuzi ngapi?

Ndiyo maana nasema wa Vietnam waache kwanza. Tena usidhani sisi hatuna. Mito ya Afrika Mashariki ina kambale wadogo wa kundi la Chiloglanis, ambao midomo yao imepanuka ikawa kisahani cha kujinatishia kwenye mawe. Mmoja wao, Chiloglanis deckenii wa mto Pangani, wanasayansi walimwandika tangu 1868. Yuko pia Amphilius uranoscopus, kambale mwembamba wa mapezi mapana, aliyeandikwa 1889 kutokana na samaki waliopatikana hapahapa Tanzania. Ila hao nao ni watu wa maji baridi ya milimani, hawatakushukuru kwa joto la bondeni. Ningekuwa wewe ningeanza na visamaki vya jamii ya Enteromius, vile vyembamba vinavyokwenda kwa makundi kwenye maji ya bondeni. Vinavumilia joto, na ukiviwekea mkondo vinaukabili kutwa nzima. Kabla hujatia wavu mtoni, pita kwa afisa uvuvi umuulize kibali. Na ukipanda huko Udzungwa, ukishaingia hifadhi ya taifa, usichukue samaki wala jiwe.

Haya, mto wenyewe. Tangi liwe refu kuliko kwenda juu, sentimita 90 au zaidi. Mwite fundi bomba akukatie mabomba membamba ya PVC na elbo zake, ayalaze sakafuni mwa tangi kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Gundi ikitumika, ikauke kabisa na mabomba yaoshwe vizuri. Upande mmoja zisimamishe ncha za mabomba uzivishe sponji, upande mwingine funga pampu mbili za kuzama. Pampu zinavuta maji kwa chini kupitia sponji, kisha zinayasukuma kwa juu yarudi kule yalikotoka. Ukishafunika mabomba kwa mchanga na mawe, kinachoonekana ni maji yanayokwenda upande mmoja tu, kama kijito. Mchanga wa mafundi ujenzi unafaa, ila uoshe mpaka uchoke, kisha uoshe tena. Mawe yawe ya mviringo. Kokoto za kupasua ni kali, zitawachana matumbo. Jiwe usilolijua lidondoshee siki, likitoa povu lina chokaa, liache. Wala usiyachemshe mawe, yanaweza kupasuka. Brashi na maji ya moto vinatosha.

Maji ya bomba yenye klorini ya kawaida yaache kwenye ndoo wazi siku nzima. Ya kisima yarushe kwanza kwa pampu, kwa sababu mara nyingi yanatoka ardhini na oksijeni kidogo. Halafu washa mto wako utembee mtupu kwa wiki nne hadi sita, ukidondosha punje chache za chakula. Kikioza kinatoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaokuja kuila wanahitaji muda wa kujenga maskani kwenye sponji. Najua hapa ndipo wengi mnaposhindwa, wageni wakija wanauliza mbona tangi halina kitu. Wape chai. Wakati huohuo weka mawe mengine kwenye ndoo juani yaote ukijani, uwe unayabadilisha na ya ndani. Hicho ndicho chakula cha samaki wakwanguaji siku utakapowapata.

Joto linapunguzwa kwa feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Ni kazi ileile ya mtungi, maji yakipanda hewani yanaondoka na joto, na nyuzi mbili tatu zinashuka. Masika, hewa ikiwa na unyevu, usitarajie makubwa. Maji yaliyopungua yaongeze. Umeme ukikatika hatari inakuja haraka, kwa hiyo tafuta pampu ya hewa ya betri au ya sola kabla hujatafuta samaki. Pampu ikizimwa siku mbili kwenye tangi tupu, mbu watataga, na Ifakara wanaofuga mbu kwa kazi ya utafiti wapo tayari, hawahitaji msaada wako.

Siku ukichoka kufuga, samaki wa kigeni usiwamwage mto Lumemo. Sangara alipelekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Mpe mfugaji mwingine.

Na mwenye nyumba akianza kununa kuhusu umeme wa LUKU, mpigie hesabu: pampu ya wati 10 ikiwaka usiku na mchana inakula yuniti 7 na kidogo kwa mwezi. Pampu zako ni mbili, kwa hiyo yuniti 14 na ushee. Feni ulipe wewe.