USALAMA NA AFYA: CHAGUA VIZURI GIDO YA KINGA YAKO

Ndugu mfanyakazi unayekwenda kazini kwa kinga, na wewe mama unayemtuma mtoto sokoni kwa kinga, somo la leo ni lenu. Tutasema juu ya gido, yaani usukani unaoshikwa kwa mikono miwili. Wengi huichagua kwa uzuri wake tu. Sisi wa dispensari tunaitazama kwa njia nyingine: gido ni chuma kinachoelekea tumbo la mpandaji.

Tuanze na kinga iliyofungwa meno ya nyuma. Kinga ya kawaida, ukiacha kukanyaga, miguu inapumzika na gurudumu linaendelea. Iliyofungwa haina mapumziko: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Ndivyo zilivyo kinga za mashindano ya uwanjani, nazo hazina freni. Lakini njia ya kazini si uwanja wa mashindano. Kwenye mteremko, mguu ukiponyoka, pedali inakimbia na ni vigumu kuipata tena. Hapo unabaki na mikono tu. Basi, ukitaka fundi akubadilishie kinga yako iwe ya namna hiyo, chunguza kwanza mambo haya.

1. Upana. Gido iwe na upana wa mabega yako, au izidi kidogo. Gido fupi sana inayumba upesi kwenye mashimo, na mikono inakosa nguvu ya kuirudisha.

2. Umbo. Gido iliyopinda chini kama pembe za kondoo inakuinamisha. Inafaa kwa mbio. Gido iliyonyooka, au iliyorudi nyuma kidogo, inakuacha na kichwa juu ili uone njia. Kama mgongo unakuuma baada ya kazi, chukua hii ya pili.

3. Freni. Gido iwe na nafasi ya kuweka mkono wa freni ya mbele, na vidole viufikie bila kuiachia gido. Usiseme: «Nitasimama kwa nguvu za miguu.» Miguu inazuia gurudumu la nyuma peke yake. Unapopunguza mwendo, uzito unakwenda mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalosimamisha zaidi.

4. Kipimo. Mahali gido inapobanwa pana vipimo mbalimbali: 25,4 mm, 26 mm, 31,8 mm. Gido na kibano viwe vya kipimo kimoja. Usijaze nafasi kwa kipande cha bati, maana gido itageuka mikononi mwako siku unapoihitaji. Tena, shingo ya gido inayoingia ndani ya kinga ina alama ya mwisho. Alama hiyo ikionekana nje, shingo imevutwa juu mno na inaweza kuvunjika au kuchomoka.

5. Hali ya chuma. Gido yenye ufa au iliyopindika kwa kuanguka, itupe. Usiinyooshe kwa moto wala kwa nyundo. Ile ya aluminiumu inaweza kukatika ghafula.

6. Ncha. Kila ncha iwe na kifuniko kilichokaza, au mpira mzima wa kushikia. Ukikata gido ili kuipunguza, piga tupa mahali ulipokata, halafu ufunike. Bomba lililo wazi linakata nyama kama kisu.

Fundi akimaliza, simama mbele ya kinga, bana gurudumu la mbele kwa magoti, geuza gido kwa nguvu, kisha ikandamize chini. Ikisogea, usiondoke.

Sasa tuseme juu ya mwili. Je, kidole kidogo na jirani yake vinakufa ganzi unapoendesha? Ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kiganja, upande wa kidole kidogo. Weka mipira laini na badilisha mahali pa kushika mara kwa mara. Wewe unayetumia mashine ya kutoboa mawe, mikono yako imekwisha kutikiswa kazini. Ganzi isipoondoka, au vidole vikigeuka vyeupe, njoo tukupime.

Jambo kubwa ni tumbo. Mtoto akianguka, gurudumu la mbele linageuka na ncha ya gido inamchoma tumboni. Nje unaweza kuona alama ndogo ya mviringo tu, au usione kitu. Lakini ndani ini, wengu, kongosho au utumbo vinaweza kuwa vimepasuka. Mtoto anaweza kucheza saa kadhaa, hata siku moja au zaidi, kabla hajazidiwa. Basi, mama, usingoje. Mtoto aliyepigwa na gido tumboni apelekwe hospitali siku ile ile, na mweleze mganga wazi kwamba ni gido iliyompiga. Usimkande tumbo, na usimpe chakula wala kinywaji mpaka apimwe. Maumivu yanayozidi, kutapika, tumbo gumu, maumivu ya bega la kushoto, weupe wa midomo, jasho baridi: hizo ni alama za hatari. Mkimbize mara moja, hata ikiwa usiku. Mtu mzima naye ni vivyo hivyo.

Leo jioni, kabla ya kulala, tazama kinga zote za nyumbani. Ncha isiyo na kifuniko, ifunike. Kifuniko ni kitu kidogo, lakini kinaweza kumwokoa mtoto wako na kisu cha mganga.