Ningu wa Ziwa Victoria na Hatari ya Kutoweka

Ningu (Labeo victorianus) ni samaki wa maji baridi aishiye katika Ziwa Victoria na mito imwagayo maji yake humo. Hufikia urefu wa sentimita 40 hivi. Kinywa chake kiko upande wa chini wa kichwa, nacho kina midomo minene ya kufyonza, ambayo kwayo hukwangua miani juu ya mawe na kula mabaki ya mimea yaliyomo matopeni.

Mvua zinyeshapo na mito kufurika, ningu waliokomaa huondoka ziwani kwa makundi, wakapanda mito kama Nzoia, Mara na Kagera ili kutaga mayai katika nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Kisha hurejea ziwani. Mwalimu akichora safari hii ubaoni, udhaifu wake utaonekana mara moja: samaki waliotawanyika katika ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi hulazimika kupita pamoja katika mlango mwembamba wa mto.

Mlango huo ndio uliowaponza. Wavuvi wa zamani walitumia uzio na migono mitoni. Nyavu za makila ziliingizwa upande wa Kisumu mwaka 1905, na zilipoenea zikategwa kwenye milango ya mito hasa wakati samaki wanapopanda. Jike anaswaye akishuka amekwisha kutaga. Jike anaswaye akipanda hufa na mayai yake yote. Katika mizani ya mnunuzi huyu wa pili ndiye bora, kwa kuwa ni mzito zaidi. Kwa hesabu ya kizazi kijacho, ni hasara tupu.

Wengi humlaumu sangara. Lawama hiyo ina ukweli mwingi kuhusu furu, lakini kwa ningu tarehe hazikubali. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, naye alizidi sana katika miaka ya 1980. Ilhali kudidimia kwa uvuvi wa ningu katika mto Nzoia kulikwisha kuelezwa na wataalamu mwaka 1965. Sangara, pamoja na udongo unaochukuliwa na maji kutoka mashambani na kukaushwa kwa mabwawa ya kando ya mito, yaliongeza uzito juu ya mzigo uliokuwapo.

Katika Orodha Nyekundu ya kimataifa, ningu yumo katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kipimo kimojawapo cha daraja hilo ni kupungua kwa asilimia 80 au zaidi katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi.

Watafiti walieleza mwaka 2004 jinsi walivyofaulu kuwatagisha ningu kwa kuwadunga homoni. Hiyo ni kazi ya thamani, ingawa vifaranga watakaotiwa mtoni watakutana na nyavu zilezile wakati wa kupanda.

Wanafunzi walio karibu na ziwa wanaweza kuwauliza wazee wavuvi ni miezi gani ningu walikuwa wakipanda, kisha walinganishe majibu hayo na vipimo vya mvua vya wilaya yao.