Shosho Akikaa Ndani: Jinsi ya Kumsaidia Bila Kugusa Namba Yake ya Siri

Je, unakumbuka daraja la Chania lilipofungwa? Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi, na kwa upande wa Thika mpaka uliwekwa hapo darajani. Ulifunguliwa Julai 7. Kwa miezi mitatu, mtu wa Ruiru mwenye mama yake Kabati hakuweza kuvuka kumpelekea hata kilo moja ya sukari. Na wazee ndio walioambiwa zaidi wakae ndani, kwa sababu Korona iliwaumiza kuliko vijana.

Huku kwetu wazee wengi hawaishi kwenye makao ya wastaafu. Wako kwao shambani, wengine peke yao. Kwa hivyo pesa ya simu ndiyo ilivuka daraja. Kuanzia Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya iliondoa ada kwa miamala ya hadi shilingi 1,000, na kiwango cha muamala mmoja kikapandishwa kutoka 70,000 hadi 150,000. Nafuu hiyo ya ada iliisha Desemba mwaka huo.

Lakini kutuma ni nusu ya kazi. Lazima pesa igeuke unga na dawa bila mzee kupanga foleni. Hapo ndipo shosho humpa kijana wa jirani simu, kitambulisho na namba ya siri ili amtolee. Hata kama kijana ni mwaminifu, sasa akiba yote ya shosho iko mikononi mwake. Tena wakala anatakiwa kumpa pesa mwenye laini mwenyewe, si mtu aliyetumwa.

Iwe ni maradhi ya kuambukiza au shosho ametoka tu kufanyiwa upasuaji, fanya hivi:

1. Lipa duka moja kwa moja. Omba namba ya till ya duka na ya duka la dawa karibu na kwake. Ukiwa Ruiru, lipa wewe. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kisha mwenye duka ampe mtu wa boda mzigo auache mlangoni.

2. Hakikisha mzigo umefika. Mpigie shosho akutajie alichopokea, kimoja kimoja. Meseji ya malipo inaonyesha pesa imeingia dukani, haionyeshi kama unga umefika jikoni.

3. Nunua tokeni za stima kutoka mbali. Unahitaji namba ya mita tu. Msomee zile tarakimu 20 nne nne, polepole, akibonyeza.

4. Ukimtumia pesa taslimu, weka na ya kutoa. Pia kumbuka ada zimerudi: kutuma mara tano kidogo kidogo kunaweza kukugharimu zaidi ya kutuma mara moja.

5. Mfundishe mambo mawili kuhusu wakora. Akipigiwa aambiwe "nimekutumia kimakosa, nirudishie," asitume kitu. Aangalie salio kwanza, halafu akupigie wewe au huduma kwa wateja. Na mtu yeyote akiuliza namba ya siri, hata akisema anatoka kwetu, akate simu. Sisi hatuulizi kamwe.

6. Na wewe pia jichunge. Ukiambiwa "shosho amelazwa, tuma haraka kwa namba hii," kata, kisha piga namba yake unayoijua, au ya jirani. Dakika mbili za kuhakikisha hazitamdhuru mgonjwa.

Usingoje dharura ndiyo uanze kutafuta namba ya till. Mpigie leo jioni, mchague duka pamoja, mjaribu na kitu kidogo kama mkate. Ukifika salama, mnajua njia iko wazi hata daraja likifungwa.